Magari ya Makasha

Katika mwaka wa 1933 watu wa Marekani walikuwa katika shida kubwa. Kazi zilikuwa hazipatikani, na baba wengi walikaa nyumbani bila mshahara. Fedha ya kuwanunulia watoto vitu vya kuchezea haikuwako. Lakini mtoto hakosi mchezo. Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, wavulana waliokota makasha ya sabuni na ya matunda, wakayapigilia misumari juu ya ubao, wakatia magurudumu ya vigari vya kuchukulia watoto wachanga, wakayapandisha kilimani. Huko juu mwenye gari aliketi ndani, akajiachia, na kilima kikawa ndicho injini yake.

Siku moja mpiga picha wa gazeti la mji ule, jina lake Myron Scott, aliwaona wakishindana. Akapendezwa, akawaambia warudi siku nyingine pamoja na wenzao, wakaja 19. Basi yakatangazwa mashindano makubwa, na mwezi wa Agosti wakatokea watoto 362, kila mmoja na chombo chake. Mwaka wa 1934 wakaitwa na watoto wa miji mingine. Mwaka wa 1935 mashindano yakahamia Akron, mji wa jimbo lile lile wenye vilima vizuri zaidi, na mwaka wa 1936 njia yake maalum ikajengwa huko. Wakati wa vita, tangu 1942 hata 1945, hayakufanywa. Wasichana walikubaliwa mwaka wa 1971, nako kulikuwa ni kuchelewa sana.

Gari la namna hii laonekana kuwa jambo jepesi kuliunda, lakini sivyo. Tazama kwanza ekseli, yaani kile chuma kinachoshika magurudumu mawili. Isipokuwa sawasawa, gurudumu haliviringiki vema. Hukokotwa upande upande kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, na mwendo hupotea. Fundi mdogo hupiga msumari katikati ya ubao mbele, akafunga uzi, akaunyosha mpaka ncha ya kushoto ya ekseli ya nyuma, kisha mpaka ncha ya kuume. Uzi ukifika kotekote kwa kipimo kimoja, ekseli imekaa sawa. Ukizidi upande mmoja hata kwa unene wa kidole, afadhali aikongoe aanze tena.

Ekseli ya mbele hufungwa kwa komeo moja la chuma katikati, ili iweze kugeuka. Kamba hutoka katika kila upande wake na kuzungushwa katika mti wa usukani. Hapa wengi hukosea: kamba ikizungushwa kinyume, mtoto hugeuza usukani kuume na gari lenda kushoto! Halafu breki. Ni kipande cha ubao kilichopigiliwa mpira wa gurudumu kuukuu, ambacho mguu hukikandamiza mpaka kinasugua chini. Watoto hupenda kuiacha kazi hii mpaka mwisho, nayo ingefaa iwe ya kwanza. Katika mashindano ya mwaka wa 1935 gari moja lilipotea njia likamgonga mtangazaji wa redio aliyekuwa akisimulia habari za mbio zenyewe.

Sasa fikiri: magari yote huanza juu mahali pamoja, na kilima humvuta kila mtu kwa haki. Kwa nini basi moja hutangulia? Ni kwa sababu ya kile kinachopotea njiani. Ekseli husuguana na gurudumu, kwa hiyo hutiwa mafuta. Upepo huzuia mbele, kwa hiyo mtoto huinama hata macho tu yaonekane.

Sheria ilikuwa kwamba mtoto aliunde gari kwa mikono yake mwenyewe. Watu wazima hawakuweza kujizuia. Mwaka wa 1973 mvulana wa miaka 14 alishinda huko Akron, lakini wasimamizi wakaona gari lake laondoka kwa namna isiyo ya kawaida. Magari husimama yakiegemea vibao vya chuma. Vibao vikianguka mbele, magari huachiliwa. Walipolipiga gari lile picha ya eksirei wakaona sumaku ya umeme imefichwa puani. Mvulana alikuwa akikandamiza kichwa chake nyuma, umeme ukapita, na sumaku ikashikamana na kibao kile kilipokuwa kikianguka, ikalivuta gari. Baada ya siku mbili akanyang'anywa ushindi. Ikajulikana kwamba mtu mzima wa jamaa yake ndiye aliyemshauri, naye alikiri. Lakini aliyesimama mbele ya watu akivishwa ushindi, kisha akavuliwa, alikuwa mtoto.

Mashindano hayakufa. Siku hizi watoto wengi hununua vipande vilivyokwisha kukatwa, wakaviunganisha nyumbani. Na katika miji mingi kuna desturi hii: magari mawili yakiisha kushuka, magurudumu ya hili hufunguliwa yakatiwa katika lile, na ya lile katika hili, wenyewe hubadilishana njia pia, kisha hushuka mara ya pili. Nyakati za mbio zote mbili huhesabiwa pamoja, ndipo mshindi hutajwa.