Ukoko wa Chokaa katika Hita ya Maji

Mtu apitaye katika mitaa ya kale ya Mikindani huona kuta nene za nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuunganishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la magogo. Mada hiyo hiyo iliyo katika kuta imo pia, ikiwa imeyeyuka na haionekani kwa macho, katika maji ya visima vingi vya pwani. Ndiyo inayoacha utando mweupe ndani ya birika, na ndiyo inayounguza koili ya hita ya maji bafuni.

Kwanza yafaa tueleze jinsi jiwe linavyoingia katika maji. Mvua inaponyesha hufyonza kabonidayoksaidi kidogo kutoka hewani, kisha huongeza nyingine nyingi zaidi inapopenya katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza. Maji hayo huwa asidi hafifu. Yakikutana na mwamba wa chokaa, yaani kalisi kabonati, ambayo katika maji matupu haiyeyuki ila kwa kiasi kidogo sana, huigeuza kuwa kalisi haidrojenikabonati, ambayo huyeyuka vizuri:

CaCO3 + H2O + CO2 ⇌ Ca(HCO3)2

Wanafunzi waangalie mishale miwili. Badiliko hili laweza kurudi nyuma: maji yakipashwa moto, gesi hutoka, na kilichokuwa jiwe hurudi kuwa jiwe. Maji yenye chumvi za namna hii huitwa maji magumu.

Si maji yote ya Mtwara yaliyo magumu. Maji yaliyochujika katika mchanga wa Uwanda wa Makonde huweza kuwa laini, ilhali yale yaliyokaa ndani ya mwamba wa matumbawe karibu na ufuko hupata ugumu. Kwa hiyo kila shule haina budi kuyapima maji yake yenyewe. Chukua chupa mbili zinazolingana, moja ya maji ya mvua na moja ya maji ya kisima, kila moja ijae hadi nusu. Tia matone ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa, ukitikisa baada ya kila tone, na uhesabu matone yanayohitajika hadi povu lidumu kwa dakika moja. Sabuni ya unga haifai kwa jaribio hili, kwa kuwa imetengenezwa ili itoe povu hata katika maji magumu.

Sasa tuitazame hita yenyewe. Ndani ya tangi la chuma mna koili, ambayo ni waya wa umeme uliofunikwa na bomba jembamba la madini. Mna thamostati inayokata umeme maji yakifikia joto lililopangwa. Na kwenye bomba la maji baridi pana vali ya usalama. Kalisi kabonati hujitenga na maji zaidi pale palipo na joto zaidi, yaani juu ya koili, na hapo hujenga ukoko kama ule wa wali ulioshika chini ya sufuria.

Watu wengi, pamoja na baadhi ya mafundi, husema kwamba ukoko huo hula umeme. Kauli hiyo haina ukweli mkubwa. Sufuria juu ya jiko la mkaa ikiwa na ukoko, joto lisilopita hupotea hewani. Koili lakini imezama ndani ya maji, na joto lake halina njia nyingine ila kupita katika ukoko na kuingia majini. Ili joto lile lile lipite, koili hulazimika kuwa ya moto zaidi. Tufanye hesabu. Koili ya wati 1,500 yenye eneo la uso la meta za mraba 0.03 hutoa wati 50,000 kwa kila meta ya mraba. Upitishaji joto wa ukoko ni karibu wati 1 kwa meta kwa kila nyuzi 1. Ukoko wa unene wa milimeta 1 basi huongeza joto la koili kwa nyuzi 50 hivi. Wa milimeta 3, nyuzi 150. Bomba la koili hutanuka, hupasuka, na maji huufikia waya wa umeme. Hapo hasara haihesabiwi tena kwa bei ya koili. Kama waya wa ardhi haukuunganishwa, mtu aliyesimama pekupeku bafuni huweza kupigwa na umeme na kufa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kugusa kifuniko cha hita, zima umeme kwenye swichi kuu, si swichi ya ukutani peke yake, kisha hakikisha kwa kipimo kwamba umeme haupo. Kazi ya nyaya ni ya fundi wa umeme. Funga maji, yaache yapoe, uyamwage, ndipo koili itolewe. Usiukwangue ukoko kwa kisu. Ichovye sehemu yenye ukoko katika siki au maji ya ndimu, ukivikinga viungo vya nyaya visilowe, na uiache hadi mapovu yakome. Asidi ya betri, na ile kali ya kusafishia vyoo, zisitumiwe kamwe, kwa kuwa hula madini yenyewe na mvuke wake huunguza mapafu. Thamostati ikipangwa kwenye nyuzi 60 inatosha: joto hilo huua vijidudu, na likizidi hapo ukoko huongezeka haraka.

Jambo la vali ya usalama linastahili maneno zaidi. Aghalabu mwenye nyumba huona vali ikidondosha maji hita inapowaka, naye hudhani imeharibika, akaiziba kwa kijiti au kizibo. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 hutanuka kwa asilimia 1.4 hivi, katika tangi la lita 50 hiyo ni lita 0.7. Maji hayo lazima yapate pa kwenda, na pale ambapo vali huyazuia yasirudi katika bomba la baridi, hudondoka nje. Vali inayodondosha wakati huo inafanya kazi yake. Inayodondosha mchana na usiku ndiyo ya kukaguliwa. Ukiiziba, na thamostati nayo ikanata, maji yaliyofungiwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Tangi likipasuka, sehemu yake hugeuka mvuke mara moja, na lita 1 ya maji hutoa mvuke wa lita 1,700 hivi. Ukuta wa bafu haustahimili nguvu hiyo.

Matangi mengi yana pia fimbo ya magnesi, ambayo huliwa na kutu badala ya chuma. Penye maji ya chumvichumvi, kama ya visima vya karibu na bahari, fimbo hiyo huisha mapema. Ikaguliwe kila mwaka.

Mwalimu asiutupe ukoko uliotoka kwenye koili. Weka kipande chake katika chupa moja, na kipande cha gamba la chaza kilichookotwa ufukoni katika nyingine, utie siki katika zote mbili. Gesi itokayo ipitishwe kwa mrija hadi kwenye maji ya chokaa yaliyotuama yakawa meupe kama kioo. Yatageuka kama maziwa katika chupa zote mbili. Kisha gesi iendelee kupita, na wanafunzi waulizwe kwa nini maziwa hayo hatimaye hutoweka, maji yakarudi kuwa safi.