SOMO LA VIJANA: PICHA ILIYO NYUMA YA SIMU

Siku ya soko pale Mpondwe karibu na Bwera, au Kasese mjini, kava za simu hutandazwa chini kwenye turubai: maua, simba, wachezaji wa mpira. Huenda ukakuta moja yenye duara la buluu lililofunikwa na mawingu meupe. Mtu huinunua ili simu ikianguka isipasuke, basi. Lakini aliye nayo ana ramani mkononi. Hebu tuisome pamoja.

Hiyo ni dunia yetu. Picha ilipigwa tarehe 7 Desemba 1972 na wanaanga wa Apollo 17: Eugene Cernan, Ronald Evans na Harrison Schmitt. Walikuwa njiani kwenda mwezini, umbali wa kilomita zipatazo 29,000. Jua lilikuwa nyuma yao, ndiyo maana duara lote linang'aa bila upande wa giza. Na upande uliowaelekea ulikuwa Afrika! Juu utaona Sahara na Uarabuni, kisha kisiwa cha Madagaska, na chini kabisa barafu ya Antaktika. Katika filamu yenyewe kusini ndiko kulikokuwa juu; wachapishaji wakaigeuza. Kwa hiyo ukikuta kava ya namna hiyo imechapwa kichwa chini, usimcheke muuzaji.

Sasa tafuta kwetu. Anzia pembe ya Somalia, urudi magharibi hadi ndani ya bara, kwenye mstari wa ikweta, ule ule wenye alama barabarani karibu na Kikorongo. Kama duara lina upana wa sentimita 6, Uganda nzima ni milimita 2 au 3 tu. Kutoka Bwera hadi Kasese hakufiki hata milimita moja. Mto Lhubiriha, ambao wengi wetu tuliuvuka na mizigo kichwani, hauonekani.

Wengine husema picha hii yaonyesha kwamba dunia haina mipaka, hivyo tusihuzunike. Mimi sikubali. Agosti ya mwaka huo huo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Muda ukaisha Novemba, mwezi mmoja kabla ya picha. Burundi nako, mauaji yaliyoanza Aprili yaliwakimbiza watu wengi hadi Tanzania, Rwanda na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule. Njia walizopita zimo katika picha hii. Aliyekuwa mbali kiasi kile aliona mawingu.

Kazi ya nyumbani: mwulize mzee mmoja, Desemba 1972 alikuwa wapi, na alifikaje huko? Andika jina la mahali kwenye karatasi ndogo. Upande wa pili andika namba za simu za ndugu zako, kisha uikunje na kuiweka ndani ya kava, nyuma ya simu. Simu ikifa, namba nyingi hupotea nayo, na kava peke yake haiwezi kuzirudisha.