Mvi za Mtoto na Chakula cha Shamba

Ninyi wakulima wa vijiji vya Lubumbashi, vya Kipushi, vya Kasenga na vya Likasi, sikilizeni habari hii. Si habari ya mbegu tu wala ya jembe tu. Ni habari ya kichwa cha mtoto. Mzee akipata mvi hakuna mtu anayeshangaa; ni heshima yake. Lakini mtoto wa miaka miwili, nywele zake zikianza kugeuka rangi, watu wa kijiji huanza kunong'ona. Huyu husema, ni babu yake amerudi. Yule husema, mama amevunja mwiko. Wa tatu husema neno baya kupita yote, ya kwamba mtoto ni mchawi. Basi leo tutazitazama nywele zenyewe, mchana, nje ya nyumba, maana ndani kuna giza na moshi, na mtu hawezi kujua rangi gizani.

Kwanza fahamuni rangi ya nywele inatoka wapi. Kila unywele una shina lake ndani ya ngozi. Katika shina hilo kuna vijisehemu vidogo sana vinavyotengeneza rangi, kama mama anavyopika rangi ya mikeka katika chungu. Unywele ukikua, rangi inaingia ndani yake. Kwa kupika rangi hiyo mwili unahitaji vitu vinavyotoka katika chakula. Vikikosa, au chungu kikivunjika, unywele unatoka bila rangi au na rangi kidogo. Unywele uliokwisha kutoka nje haugeuki tena. Ni kitu kikavu kama ukucha. Kwa hiyo rangi ya nywele za leo ni habari ya siku zile zilipokuwa zikiota.

Sasa tenganisheni mambo, msiyachanganye.

Mtoto mwenye nywele nyeupe tano au kumi katikati ya nyeusi, anayecheza, anayekula, asiyevimba popote, mara nyingi hana ugonjwa. Ulizeni baba na mama, ulizeni shangazi na mjomba: mara nyingi yuko mtu wa ukoo aliyepata mvi akiwa kijana. Jambo hili linarithiwa kama urefu na kama sura. Msing'oe nywele hizo, na msipake dawa ya kutia weusi, maana dawa nyingine huchoma ngozi ya mtoto.

Yuko mtoto aliyezaliwa na kishada cheupe juu ya paji la uso, na kishada hakiongezeki. Hili pia linarithiwa. Lakini kama macho yake ni ya buluu, au jicho moja si sawa na la pili, piga makofi nyuma yake uone kama anasikia. Wako watoto wa namna hii waliozaliwa viziwi, na watu wakadhani ni wakaidi. Yuko tena mtoto aliyezaliwa mweupe mwili mzima, nywele na ngozi. Huyo ni zeruzeru. Si chakula kilichomfanya hivyo, wala si laana. Mpeni kofia pana na nguo ya mikono mirefu, kwa sababu jua la kiangazi letu linamuumiza sana, na katika darasa mwekeni mbele, maana macho yake hayaoni mbali. Na mtu mwenye mabaka meupe ya ngozi anaweza kupata nywele nyeupe juu ya baka lenyewe tu. Hayo yatosha kwa hawa.

Jambo kubwa ni lingine, nalo linahusu shamba.

Tazameni mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne. Nywele zake zilikuwa nyeusi na zenye kujikunja. Sasa zimekuwa laini, zimenyooka, na rangi yake ni kama kutu, au kama majivu, au kama majani makavu. Ukizivuta kidogo zinatoka bila mtoto kulia. Watu wengi huziita mvi, lakini si mvi za kweli. Ni nywele zilizokosa chakula. Uso wake ni wa mviringo na unang'aa, na jirani husema, «Ah, mtoto huyu amenenepa.» Hakunenepa. Bonyezeni miguu yake miwili juu kwa kidole gumba, mhesabu mpaka tatu polepole, mwondoe kidole. Kama shimo linabaki katika miguu yote miwili, mwili umejaa maji. Mtoto huyo hachezi, hataki kula, amekaa tu amekasirika. Ugonjwa huu unaweza kuua.

Mganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari zake mwaka 1933 katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Mwaka 1935 akautaja kwa jina ambalo akina mama wa kabila la Ga walikuwa wakiliita tangu zamani: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Ona basi, akina mama wa Ga walikwisha kuona sababu kabla ya waganga: mimba mpya imekuja, mtoto ameondolewa ziwa upesi, na mahali pa maziwa amepewa uji mtupu. Na wazee wetu waliokataza baba na mama kupata mtoto mwingine upesi hawakuwa wajinga. Waliona jambo la kweli, ingawa walilieleza kwa njia ya mwiko. Mwaka 1950 wajumbe wa mashirika ya dunia ya chakula na ya afya, Brock na Autret, walizunguka Afrika kuutafuta ugonjwa huu, nao wakaandika kitabu chao mwaka 1952. Walisema waliuona katika nchi nyingi, hasa pale watoto wanapolishwa mihogo na ndizi na nafaka bila kitu kingine. Waganga wa leo wanaongeza neno: si kukosa chakula cha kujenga mwili peke yake, bali pamoja na kuhara, surua, minyoo na homa, vinavyomwangusha mtoto aliyekwisha kuwa dhaifu.

Nitawaeleza nilichokiona. Katika kijiji kimoja cha njia ya Kasenga nilimkuta mama amempakata mtoto mwenye kichwa cha rangi ya kutu. Nikamwuliza, «Mama, mtoto anakula nini?» Akajibu, «Bukari, baba, asubuhi na jioni.» «Na maharagi?» «Maharagi tuliuza Lubumbashi, baba. Na karanga tuliuza. Na kuku pia. Tulinunua bati za nyumba.» Sikuweza kumlaumu. Nyumba ya bati ni kitu chema, na mvua ya Januari haina huruma. Lakini niliangalia kule nyuma ya nyumba, nikaona shamba zuri la mahindi na maharagi, na mtoto wake anakaa katikati ya chakula bila kukila.

Jambo hili si jipya hapa kwetu. Tangu moto wa kwanza wa kuyeyusha shaba uliwashwa Lubumbashi mwaka 1911, mji umekuwa ukila chakula cha vijiji. Kwanza ulikuwa posho ya wafanyakazi, leo ni masoko. Gari linakuja, linachukua magunia, linaacha franka. Na siku hizi wanaume wengi huacha jembe kwenda kuchimba mawe yenye shaba na kobalti. Shamba linabaki kwa mama peke yake, naye hupanda mihogo, kwa kuwa mihogo haina kazi nyingi. Mihogo inashibisha. Lakini tazameni hesabu hii. Katika gramu 100 za unga wa mihogo, chakula cha kujenga mwili ni gramu 2 au pungufu. Katika unga wa mahindi ni kama 8. Katika maharagi makavu ni kama 22, katika karanga kama 25, katika soya zaidi ya 35, na samaki wakavu na viwavi wakavu wa miombo hupita nusu. Kwa hiyo mtoto mwenye tumbo dogo hawezi kula mihogo ya kutosha hata apasuke.

Sasa pimeni shamba lenu. Mtoto mmoja akipewa konzi ndogo ya karanga kila siku, gramu 30, kwa mwaka mzima ni kilo 11 tu. Kilo 11! Mkiwa na watoto watatu wadogo ni kilo 33. Hayo ndiyo mnayopaswa kuyatoa kabla ya gari kufika, kuyatia katika chombo chenye kifuniko, na kukiweka chini ya mkono wa mama. Baba asikifungue kwa kuuza wala kwa kulipa deni. Yanayobaki uzeni, na bati mtanunua. Labda mwaka mmoja baadaye.

Karanga zikaushwe vizuri juani kabla ya kufungwa, na zenye ukungu zitupwe, hata kuku asipewe, maana ukungu ule una sumu inayoharibu ini. Mpondee mtoto karanga mpaka ziwe laini, mzitie katika uji. Karanga nzima inaweza kumkaba. Soya ichemshwe sana au ikaangwe kabla ya kusagwa. Sombe ni njema, na lengalenga na matembele, hasa zikipikwa na samaki wadogo au karanga. Viwavi wa miombo wakati wa mvua msiwauze wote kwa watu wa mji, ingawa najua bei yao inavuta. Mihogo michungu iloweke siku tatu kamili. Konzo, ugonjwa wa miguu ambao Dokta Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kwango, unawapata watu wanaofupisha siku hizo. Na penye kijito kisichokauka, chimbeni bwawa la samaki. Kipopo, karibu na Lubumbashi, waliwajaribu tilapia katika mabwawa tangu zamani, nao hukua vizuri kwa majani na mavi ya mbuzi.

Ziwa lisiondolewe upesi. Tangu miezi sita mtoto apewe uji ulioongezwa karanga au maharagi yaliyopondwa, lakini anyonye mpaka miaka miwili au zaidi. Mama akipata mimba na akaona hawezi kumnyonyesha tena, basi mtoto yule ndiye wa kwanza kupewa yai. Katika nyumba nyingi yai ni la baba au la mgeni. Nami nimekuwa mgeni huyo mara nyingi, natamani ningalikataa.

Wengine watauliza habari za moshi wa kiwanda na vumbi la migodi. Ni swali jema. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi na madini mengine katika mikojo yao, na watoto kuliko watu wazima. Vumbi hilo lina madhara, hasa risasi, ambayo huharibu akili za watoto. Lakini haikuonyeshwa kwamba ndilo linalotia mvi. Osheni mikono ya watoto kabla ya kula. Baba aliyechimba avue nguo zake nje. Na msianike mihogo kando ya njia ya magari ya mawe. Na hapa pana jambo la ajabu: mwili unahitaji shaba kidogo mno ili kupika ile rangi ya nywele, na shaba hiyo imo katika maharagi na karanga. Asije mtu akamsagia mtoto jiwe la kijani! Hiyo ni sumu.

Mtoto aliyekwisha kuvimba miguu msimtibu nyumbani. Msimshindilie maharagi wala nyama kwa siku moja mkidhani mnamsaidia. Mwili wake umechoka, na chakula kingi cha ghafula kinaweza kumwua. Mchukueni kituo cha afya siku ile ile, mkimfunika asipate baridi. Huko watapima mkono wake kwa utepe, na alama nyekundu, chini ya milimita 115, ni hatari. Lakini mwenye kuvimba miguu miwili hupokewa hata kama utepe hauonyeshi nyekundu. Watampa maziwa ya dawa kidogo kidogo, usiku na mchana, kisha unga laini wa karanga uliotiwa maziwa, sukari na mafuta katika vifuko. Ndiyo, karanga zile zile. Kama nywele ni nyeupe kweli lakini hakuna kuvimba, na mtoto amepauka, ni mlegevu au hakui, apelekwe pia, maana kukosa damu au ugonjwa wa tezi la shingo unaweza kuwa nyuma yake.

Na yule anayesema uchawi, mwambieni mbele ya chifu kwamba sheria ya nchi ya kulinda watoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na mwenye kufanya hivyo hufungwa. Mtoto mwenye njaa akifukuzwa nyumbani hupata njaa ya pili.

Mtoto akirudi kutoka hospitali, tazameni nywele zake kila mwezi. Unywele unakua kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi, karibu upana wa ukucha wa kidole kidogo. Karibu na ngozi mtaona weusi unaanza kutoka, na juu yake rangi ya kutu ya siku mbaya, na pengine juu kabisa weusi wa zamani alipokuwa bado ananyonya. Waganga huita hiyo bendera. Hesabuni kucha kutoka ngozini mpaka mahali pa kutu: ndiyo miezi tangu mtoto apate chakula. Msimnyoe kabla ya kuhesabu. Kama baada ya miezi mitatu mzizi bado hauna weusi, fungueni chombo cha karanga mwone kimebaki nini, kisha mrudisheni mtoto kwa mganga.