SOMO LA SOKO: Amplifaya na Sanduku la Sabufa
Namna ya kununua muziki wa gari bila kuunguza fedha

Biashara ya vifaa vya muziki wa magari imeshamiri katika miji yetu. Kuanzia maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi yale ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, sabufa na amplifaya zimepangwa hadi darini, na wateja wakubwa ni wenye daladala, matatu na teksi. Wengi wao hawanunui kwa anasa. Gari lenye mdundo mzuri huwavuta abiria vijana, na abiria ndio mapato ya siku.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha inayoingia katika vifaa hivi hupotea. Sabufa huungua, amplifaya hujizima njiani, betri hufa kabla ya wakati wake, na mara nyingine gari lenyewe hushika moto kwa sababu ya waya. Mara nyingi chanzo ni mnunuzi kulipia namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi bila kufanya hesabu. Somo la wiki hii linaeleza hesabu hizo, nazo hazihitaji zaidi ya kalamu, karatasi na kikokotoo.

1. Wati za boksi na wati za kweli

Boksi la amplifaya linaweza kuandikwa wati 2,000 ilhali kifaa kilichomo hakifikishi hata robo yake. Namba kubwa kwa kawaida ni ya kilele, yaani nguvu ya kitambo kidogo mno. Namba ya kununulia ni wati za RMS, ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo. Tangu mwaka 2003 kuna kipimo kiitwacho CEA-2006, kinachomtaka mtengenezaji anayekifuata apime kwa volti 14.4, kwenye mzigo wa ohmu 4, na kwa mkwaruzo usiozidi asilimia 1. Amplifaya yenye alama hiyo ina namba inayoweza kulinganishwa na nyingine.

Pale ambapo alama haipo, fyuzi zilizopachikwa ubavuni mwa amplifaya husema kweli. Chukua jumla ya ampea za fyuzi, zidisha kwa volti 13.8 za gari linalounguruma, kisha zidisha kwa 0.8 ikiwa ni amplifaya ya daraja D, au 0.6 ikiwa ni ya daraja AB. Kwa mfano, amplifaya ya daraja D inayodai wati 2,000 ina fyuzi mbili za ampea 20. Ampea 40 mara 13.8 ni wati 552 zinazoingia. Asilimia 80 ya hizo ni kama wati 440. Haiwezekani kutoa mfululizo zaidi ya hapo, kwa sababu fyuzi ingekatika.

Kwa sabufa, daraja D ndilo linalofaa zaidi. Hupoteza umeme kidogo kwa joto, huwa dogo, na hukaa chini ya kiti bila kuungua. Daraja AB bado ni zuri kwa spika za mlangoni.

Aidha, mnunuzi asidanganyike kwamba wati mara mbili ni sauti mara mbili. Kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, badiliko ambalo sikio hulitambua bila kushangaa. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, huhitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa hiyo anayeacha amplifaya ya wati 500 na kulipa zaidi kwa ajili ya wati 600 ananunua tofauti ambayo abiria hataisikia.

2. Ohmu: mahali pesa nyingi huungulia

Ohmu ni kipimo cha ukinzani wa koili ya spika. Kadiri ohmu zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyovutwa umeme mwingi zaidi. Kila amplifaya ina kiwango cha chini inachokivumilia. Chini ya hapo hupata joto, hujizima, na mwishowe hufa.

Sabufa mbili za ohmu 4 zikiungwa sambamba huwa ohmu 2. Zikiungwa kwa mfuatano huwa ohmu 8. Sabufa yenye koili mbili za ohmu 4 inaweza kuungwa iwe ohmu 2 au ohmu 8. Sabufa mbili za aina hiyo pamoja zinaweza kuwa ohmu 1 au ohmu 4. Ndiyo maana aina ya koili inapaswa kuamuliwa kabla ya kulipa, kwani sabufa ikishatoka dukani haibadiliki.

Mtego mwingine ni amplifaya ya chaneli mbili inayounganishwa kama moja. Ikiwa kila chaneli inavumilia ohmu 2, zikiunganishwa zinavumilia ohmu 4 tu. Mafundi wengi husahau jambo hili, hufunga ohmu 2, na muziki hudumu mpaka jua la saa nane mchana.

Mnunuzi anaweza kupima mwenyewe dukani kwa testa. Koili ya ohmu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8, kwa kuwa testa hupima umeme wa moja kwa moja. Ikisoma 1.7, hiyo ni koili ya ohmu 2 hata kama kibandiko kinasema vingine.

3. Sanduku: nusu ya sauti

Sabufa isiyo na sanduku sahihi ni kama injini isiyo na gia. Hewa ya mbele na ya nyuma ya koni hukutana na kufutana, na besi hupotea. Masanduku yanayotumika sana ni ya aina mbili.

Sanduku lililozibwa huwa dogo, lina besi kavu na ya haraka, na hewa iliyofungiwa ndani huilinda koni isirushwe mno. Kosa dogo la vipimo haliliharibu. Linamfaa mwenye gari dogo, au mwenye fundi asiye na uzoefu.

Sanduku lenye bomba huwa kubwa zaidi, lakini karibu na masafa lililopangiwa hutoa takriban desibeli 3 zaidi kwa wati zilezile, sawa na kuongeza amplifaya mara mbili bila kuinunua. Udhaifu wake ni kwamba chini ya masafa hayo koni hukosa kizuizi, hupiga ovyo, na inaweza kukatika. Kwa hiyo amplifaya yake sharti iwe na kichujio cha kukata sauti za chini mno.

Karatasi inayokuja na sabufa ina namba zilizotokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyechapisha mwaka 1961, na Richard Small aliyeikamilisha katika miaka ya 1970. Muhimu ni Fs, Qes, Qts na Vas. Gawanya Fs kwa Qes. Jibu likiwa 50 au chini yake, sabufa inafaa sanduku lililozibwa. Likikaribia 100, inafaa lenye bomba. Katikati, yote mawili yanawezekana.

Kwa sanduku lililozibwa, wengi hulenga thamani ya 0.707, ambayo hutoa besi isiyovimba wala kupwaya. Gawanya 0.707 kwa Qts, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha toa 1. Gawanya Vas kwa jibu hilo. Sabufa yenye Qts ya 0.5 na Vas ya lita 50 hutoa hivi: 0.707 kwa 0.5 ni 1.414, ikizidishwa kwa yenyewe ni 2, ukitoa 1 hubaki 1, lita 50 kwa 1 ni lita 50. Hilo ndilo sanduku lake.

4. Lita za ndani, si za nje

Seremala hupima nje, sabufa huishi ndani. Chukua sanduku la nje lenye sm 60 kwa 40 kwa 36. Kwa macho ni lita 86. Lakini ubao wa mm 18 ukiondolewa pande zote, ndani hubaki sm 56.4 kwa 36.4 kwa 32.4, yaani lita 66.5. Toa lita 3 za sabufa yenyewe, lita 2.5 za bomba na lita 1 ya mihimili. Zinabaki lita 60. Mnunuzi asiyefanya hesabu hii amekosea kwa lita 26. Karatasi nyingine huandika futi za ujazo, na futi moja ni lita 28.3.

Katika lita hizo 60, bomba moja la kipenyo cha sm 10 linahitaji urefu wa karibu sm 25 ili lipangwe kwenye Hezi 35. Bomba likikatwa fupi, masafa hupanda na besi huwa ya kubweka.

Ubao wa MDF ni mzito na haupigi kelele, lakini hunywa maji na kuvimba. Kwa magari ya Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ambako unyevu ni mwingi na sakafu huoshwa kila siku, plaiwudi ya baharini ina faida ijapokuwa ni ghali. Viungo vyote vipakwe gundi na silikoni, kwani sanduku linalovuja hupiga miluzi.

Mwenye gari la abiria ana hesabu moja zaidi. Sanduku likila nafasi ya kiti kimoja, nauli ya kiti hicho hupotea kila safari, kila siku. Mara nyingi sabufa moja nzuri chini ya kiti hulipa kuliko mbili zilizochukua kiti. Sanduku lifungwe kwa bolti sakafuni, maana mzigo wa kilo 30 usiofungwa huwa silaha gari linapopata ajali.

5. Umeme wa gari

Tuseme mwenye gari amechagua sabufa mbili za wati 300 kila moja, zilizoungwa kwa ohmu 2. Amplifaya ya daraja D ya wati 600 itahitaji wati 750 kutoka kwenye betri, yaani ampea 54 inapovuta hadi mwisho. Muziki wa kawaida huvuta kama theluthi, karibu ampea 18. Gari likizimwa stendi na muziki ukiendelea, betri ya ampea-saa 60 hufika nusu kabla ya saa mbili. Betri ya kawaida ya gari ikishushwa hivyo kila siku haimalizi maisha yake.

Waya mkuu wa mita 5 wenye unene wa mm² 21 hupoteza volti 0.2 tu kwa ampea 54. Waya wa mm² 8 hupoteza karibu 0.6 na hupata joto. Sokoni zimejaa waya za alumini zilizopakwa shaba, ambazo hupitisha umeme kwa takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi. Kwaruza ncha kwa kisu. Ikionekana nyeupe ndani, si shaba. Fyuzi kuu, kwa mfano huu ampea 60, iwe ndani ya sm 45 kutoka kwenye betri. Kazi yake ni kuzuia moto waya unapochubuka na kugusa bodi, na asiyeiweka ameokoa senti na kuhatarisha gari zima pamoja na abiria.

Mabasi ya kati na malori, kama Isuzu NQR, aghalabu hutumia volti 24. Amplifaya ya kawaida ni ya volti 12. Baadhi ya mafundi huchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Matokeo yake betri moja hukosa chaji, nyingine hupikwa, na zote mbili hufa. Njia sahihi ni kibadilishaji cha kushusha volti 24 kuwa 12 chenye ampea za kutosha, na bei yake iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

6. Kuseti

Kitufe cha geni si cha kuongeza sauti. Ni cha kulinganisha redio na amplifaya. Kikizidishwa, wimbi la sauti hukatwa vichwa na koili huungua, hata kama amplifaya ni ndogo kuliko sabufa. Zidisha wati kwa ohmu, tafuta kipeuo cha pili: 600 mara 2 ni 1,200, na kipeuo chake ni volti 34.6. Sabufa zikiwa zimechomolewa, piga mlio wa Hezi 50, weka redio kwenye robo tatu, kisha panda na geni hadi testa isome volti hizo za umeme wa kubadilika. Ishia hapo.

7. Masikio na sheria

Taasisi ya NIOSH ya Marekani hupendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda kwa nusu. Kwa desibeli 100 muda huo ni dakika 15. Abiria hushuka, dereva na konda hubaki humo kutwa. Nchini Kenya, kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinagusa pia muziki wa magari, na gari lililozuiliwa halina mapato.

Utaratibu wa kununua

Kwanza pima nafasi na volti za gari. Pili chagua sabufa inayolingana na sanduku litakaloingia. Tatu amua ohmu. Nne tafuta amplifaya yenye wati za RMS kwa ohmu hizo. Mwisho nunua waya na fyuzi, wala usizipunguzie bajeti. Wengi huanza na amplifaya, kisha hulazimisha vingine viifuate, na hapo ndipo rahisi huvunja upishi.

Zoezi: Amplifaya ya daraja D inadai wati 3,000, ina fyuzi mbili za ampea 30, na haivumilii chini ya ohmu 2. Sabufa ina koili mbili za ohmu 2. Je, wati za kweli haziwezi kuzidi ngapi, na koili ziungwe vipi?

Jibu: Ampea 60 mara 13.8 ni wati 828. Asilimia 80 ni kama wati 660. Koili ziungwe kwa mfuatano ziwe ohmu 4, kwa kuwa sambamba zingekuwa ohmu 1. Kwa ohmu 4 amplifaya hiyo haitafika hata hizo 660. Anayezitaka zote atafute sabufa yenye koili mbili za ohmu 4, aziunge sambamba ziwe ohmu 2.