Neno "keep": tujifunze kusoma etiketi ya dawa na ya mbegu



Dawa nyingi za shamba na mbegu tunazonunua hapa Ituri zinatoka Uganda. Zinapitia Mahagi, Ariwara ao Kasenyi, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Sisi wengi tulisoma Kifaransa. Basi mtu anaangalia picha ya mdudu kwenye chupa, anauliza muuzaji kipimo, maneno mengine anayaacha. Lakini ukitazama vizuri utaona kitenzi kimoja kinarudi mara nyingi: "keep". Tujifunze hicho leo, juu ya soko na juu ya usalama wa watoto wetu.

Kanuni moja

Pale Kiswahili kina vitenzi vingi, Kiingereza kinatumia hiki kimoja. "Keep" inaweza kuwa kuweka, kutunza, kufuga, kuzuia ao kuendelea. Ni nini inaonyesha maana? Ni maneno yanayoifuata. Kwa hiyo usisome "keep" peke yake. Tafuta kwanza neno dogo linalokuja nyuma yake.

1. "Keep" na kitu: kutunza, kubaki nacho, kufuga.
"Keep the receipt." Tunza risiti.
"Keep the change." Chenji ibaki kwako.
"We keep goats." Tunafuga mbuzi.

2. "Keep" na "for": kuwekea mtu ao kazi fulani.
"Keep two bags for me until Friday." Niwekee mifuko miwili mpaka siku ya tano.
"Keep this maize for seed." Weka haya mahindi yawe mbegu.

3. "Keep" na "from", "away from", "off" ao "out of": kuzuia, kuweka mbali.
"Keep the goats out of the garden." Zuia mbuzi wasiingie shambani. Waganda wanaposema "garden", mara nyingi wanataka kusema shamba.

4. "Keep" na kitenzi chenye "-ing": kuendelea.
"Keep stirring." Endelea kukoroga.
"It keeps raining." Mvua inanyesha tu, haiachi.

5. "Keep" na upande wa njia: kubaki upande huo.
"Keep left." Shika kushoto. Dereva wa pikipiki akivuka mpaka pale Goli, hii inamhusu sana: kwetu tunapita kuume, Uganda wanapita kushoto.

Kwa mtu mmoja anayesemwa tunaongeza "s": "she keeps bees", anafuga nyuki. Kwa wakati uliopita tunasema "kept". "Keeped" haiko.

Wale waliozoea Kifaransa wawe macho. "Garder les enfants" ni kuchunga watoto. Kiingereza cha kazi hiyo ni "look after". Ukimwambia Mganda "keep the children", anaweza kuelewa kwamba watoto wabaki kwake kabisa.

Sasa tuchukue chupa mkononi

"Keep out of reach of children." Mtu akitafsiri neno kwa neno, atapata weka, nje, watoto. Anaweza kufikiri dawa inawekwa nje, pale watoto wanachezea! Sivyo. "Reach" ni kufikia kwa mkono. Maana yake: weka mahali mkono wa mtoto haufiki. Chini ya kitanda unafika. Kwenye kona ya jikoni unafika.

"Keep locked up." Ifungiwe kwa kufuli.

"Keep away from food, drink and animal feed." Weka mbali na chakula, kinywaji na chakula cha mifugo. Hata safarini: usifunge bidoni ya dawa pamoja na mfuko wa unga kwenye pikipiki moja.

"Keep in original container." Iache ndani ya chupa yake ya kwanza. Hapa ndipo hatari kubwa iko. Mtu ananunua dawa ya kupimiwa, anaipeleka nyumbani ndani ya chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua, na kiu ikimshika atakunywa.

"Keep livestock out of treated areas for 7 days." Mifugo isiingie mahali palipopigwa dawa kwa muda wa siku 7. Hapa "for" iko mbele ya siku, basi inaonyesha muda.

"Keep in a cool, dry place." Hii iko pia kwenye mfuko wa mbegu. Weka mahali pa baridi, pakavu: si karibu na mabati yanayochomwa na jua, si chini kwenye udongo. Joto na unyevu vinaua nguvu ya mbegu kuota.

Ikiwa mtoto amekunywa dawa, usimtapishe kabla munganga hajasema. Mkimbize kituo cha afya, na mwende na chupa yenye etiketi. Munganga anahitaji jina la dawa ili ajue namna ya kumsaidia. Chupa ya soda haina jina hilo.

Zoezi

Jaza ao sahihisha, kisha angalia majibu.
a) Keep one bag ___ seed.
b) Keep the children away ___ the sprayer.
c) My brother (keep) bees.
d) Last season we (keep) the beans in Bunia.

Majibu: a) for; b) from; c) keeps; d) kept.

Kazi ya mkutano ujao: toeni chupa na mifuko yote iliyo ndani ya depo, mtafute kila mstari unaoanza na "keep". Mmoja asome, mwingine aseme kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji. Muandike maana kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Msibandike kitu juu ya etiketi yenyewe. Chupa yoyote isiyokuwa na etiketi msiitumie: ifungieni peke yake, na mtuonyeshe tukifika kwenu.