Gari inaposaga meno: tusikilize kabla ya kufungua



Kila mtu hapa anajua sauti ya kamioneti ya masomo. Inapopanda kilima cha internati tunasikia "krrrr!", na wadogo wa mwaka wa kwanza wanapiga kelele: "Shofere anasaga mahindi!" Mimi pia nilicheka. Tena katika mkutano wa makapita nilisimama mbele ya wote nikasema kwamba shofere ndiye anaharibu gari, heri abadilishwe. Leo naandika somo juu ya sauti ile, na mwisho nitalipa deni langu.

Jambo hili si la mchezo. Gari hii ndiyo inaleta unga wetu, na usiku mtu akishikwa na malaria kali, ndiyo inamfikisha hospitali. Fundi mmoja wa mjini aliisikiliza dakika mbili tu, akasema sanduku la vitesi limekufa, linunuliwe lingine. Feza ile ingetoka wapi? Katika michango ya wazazi wetu.

1. Ni nini kinachosaga?

Wengi wanafikiri magurudumu ya meno yanakutana na kuachana kila mara unapobadili vitesi. Sivyo. Katika gari kama yetu, meno ya vitesi za mbele yanashikana siku zote. Kinachosogea ni bangili ya chuma yenye meno madogo. Inakwenda kufunga gurudumu la vitesi unayotaka. Bangili na gurudumu zikizunguka kwa mbio sawa, zinaingiana kimya. Mbio zikiachana, meno madogo yanagongana, ndiyo ile krrrr.

Tupige hesabu. Tuseme katika vitesi ya pili moteri inazunguka mara 2 wakati chuma kinachopeleka nguvu nyuma kinazunguka mara 1, na katika ya tatu moteri inazunguka mara 1,5. Moteri ikiwa na mizunguko 3.000 kwa dakika katika ya pili, chuma cha nyuma kina 1.500. Ukitaka kuingiza ya tatu, upande wa moteri lazima ushuke mpaka 2.250. Nani anapunguza hii mizunguko 750? Ni pete ndogo ya shaba ya njano, mafundi wanaiita sinkro. Inasugua kama freni. Gari za Cadillac, kule Marekani, zilianza kutumia sinkro mwaka 1928. Mbele ya hapo shofere alisawazisha mbio yeye mwenyewe, kwa mguu na kwa sikio.

Lakini pete ni ndogo. Inaweza kutuliza vyuma vya ndani ya sanduku, haiwezi kushindana na moteri. Kwa hiyo ambreyaji lazima iachanishe moteri na sanduku kabisa. Ikiachanisha nusu, pete inashindwa, meno yanalia, na pete yenyewe inalika upesi.

2. Namna ya kuiuliza gari

Tulifanya hivi pamoja na mwalimu wa ufundi, bila kufungua buloni hata moja. Gari isimame mahali pa sawa, freni ya mkono ivutwe, magurudumu yazuiwe kwa mawe. Mtu asisimame mbele wala nyuma.

a) Zima moteri, ujaribu vitesi zote. Zikikataa hata hapo, angalia mkono wa vitesi na vyuma vyake. Zikiingia vizuri na moteri ikiwa imezimwa, lakini zinakataa ikiwaka, shuku ambreyaji.

b) Washa moteri. Kanyaga ambreyaji mpaka chini, hesabu polepole mpaka 5, kisha ingiza vitesi ya nyuma. Katika gari nyingi za zamani vitesi hiyo haina sinkro, ndiyo sababu ukiharakisha italia hata kama gari ni nzima. Lakini ukingoja na bado inalia, maana yake vyuma havikusimama: ambreyaji inakokota.

c) Kanyaga pedali mara tatu upesi upesi, ujaribu tena. Ikiingia vizuri sasa, hewa imeingia katika mafuta ya ambreyaji, ao mipira ya silinda imechoka.

d) Vitesi moja tu inalia wakati wa kutembea, zingine zinanyamaza? Hapo shuku sinkro ya vitesi ile.

e) Sauti inasikika bila kubadili vitesi, mkono ukiwa katikati, na inanyamaza ukikanyaga pedali? Shuku rulema ya chuma kinachoingia katika sanduku. Ikianza wakati unapokanyaga, shuku rulema ya ambreyaji.

f) Mwisho, zima moteri, angalia mafuta ya sanduku. Fungua kwanza kizibo cha kujazia kilicho ubavuni. Mafuta yafike karibu na mdomo wa tundu. Usifungue cha chini kwanza: kile cha juu kikikataa kufunguka, utabaki na sanduku tupu.

3. Tulichokiona

Kwa (a), vitesi zote ziliingia. Kwa (b), krrrr. Kwa (c), ikaingia kama kisu katika siagi. Tukalala chini ya gari, tukakunja kifuniko cha mpira cha silinda ndogo ya ambreyaji: mafuta yalikuwa yanatiririka. Kopo la juu lilikuwa karibu kukauka. Dawa yake ilikuwa mipira mipya ya silinda, mafuta mapya, na saa moja ya kutoa hewa, mmoja akikanyaga, mwingine akifungua na kufunga chini. Sanduku halikuguswa.

Lakini si yote yalipona. Vitesi ya pili bado inalia ukiiharakisha. Pete yake ililika katika miezi ile ambayo tulikuwa tunacheka.

4. Deni langu

Tulipomaliza, shofere alisema neno moja tu, bila hasira: "Si niliwaambia pedali inashuka?" Ni kweli. Alisema tangu mwezi wa kumi. Mimi nilikuwa pale. Nilizani anatafuta namna ya kujitetea. Yeye alikuwa na mguu juu ya pedali kila siku, mimi nilikuwa na mdomo tu, na mimi ndiye niliyesikilizwa, juu ya kuwa kapita.

Nimemwomba msamaha nyumbani kwake. Lakini neno baya nililisema mbele ya watu, si haki nilirudishe kwa siri. Ndiyo sababu naandika hapa.

Tangu juma lililopita kitabu kidogo kinatundikwa ku mlango wa garaji. Shofere anaandika anachosikia, mwalimu anatia sahihi. Ninyi mnaopanda nyuma, mkisikia kitu, mwambieni shofere kwanza.

Maswali ya kujipima:
1. Sababu gani kungoja kidogo kunasaidia vitesi ya nyuma?
2. Gari inalia katika ya tatu peke yake. Utashuku nini?
3. Sababu gani ambreyaji mbovu inaharibu sinkro nzima?

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6