Anwani Fupi na Anwani Kamili

Ukiulizwa njia mtaani Kikula, waweza kujibu: «Pita nyumba mbili, ya tatu ndiyo.» Maneno hayo yanatosha, kwa kuwa wewe na mwenye kuuliza mmesimama pahali pamoja. Lakini mtu akiyafuata kutoka Panda au Shituru, atabisha mlango wa wengine.

Barua itokayo mbali haiandikwi hivyo. Huandikwa nchi, mji, mtaa, njia na namba ya nyumba. Hiyo ni anwani kamili.

Kurasa za intaneti nazo zina anwani za namna hizo mbili. Programu inayotufungulia kurasa huitwa kivinjari. Kiungo ni neno ambalo ukiligusa, kivinjari hukupeleka kwenye ukurasa mwingine. Kiungo chenye anwani kamili hufuatwa kama kilivyo. Kikiwa na anwani fupi, kivinjari hutazama kwanza kimesimama wapi. Pale ndipo anwani ya msingi.

Tuseme tunasoma ukurasa huu:
https://mfano.cd/likasi/kikula/shule

1. Kiungo «soko»: kivinjari huondoa neno la mwisho, «shule», na kuweka «soko»:
https://mfano.cd/likasi/kikula/soko

2. Kiungo «../panda/soko»: huondoa «shule», kisha nukta mbili humwamuru arudi nyuma hatua moja. «Kikula» nalo huondoka:
https://mfano.cd/likasi/panda/soko

3. Kiungo «/kolwezi/soko»: kistari cha mwanzo humrudisha mpaka mlango mkubwa:
https://mfano.cd/kolwezi/soko

Mji wetu uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Jina lilipobadilika, anwani kamili ilibadilika nalo. «Nyumba ya tatu» ilibaki nyumba ya tatu. Intaneti nayo iliona jambo kama hilo. Anwani za nchi yetu zilikuwa na herufi .zr, za Zaire. Mwaka 1997 nchi ikarudia jina la Kongo, zikaja herufi .cd. Mwaka 2001 .zr ikafutwa. Kiungo kamili chenye .zr hakifiki popote. Kiungo kifupi hakitaji nchi: kurasa zikihama pamoja, bado kinafika. Lakini ukurasa ukihamishwa peke yake, kiungo chake kifupi hupotea njia.

Basi, ukitaka kumwelekeza mtu kwa maneno machache, ujue kwanza amesimama wapi.

MAULIZO
1. Anwani ya msingi ni nini?
2. Unasoma https://mfano.cd/likasi/panda/kanisa. Kiungo «../shituru/shule» kitakupeleka wapi?
3. Lini kiungo kifupi hupotea njia?